Namna ya Kuandaa Kusanyiko la Kanisa la Watoto na Watu Wazima Pamoja

Makanisa mengi yamezoea kuwagawa watu mlangoni. Watu wazima huingia ibadani, watoto hupelekwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili, na familia iliyotoka nyumbani pamoja hukutana tena baada ya baraka, kila mmoja akiwa amesikia habari yake. Utaratibu huo una faida zake na sipendekezi uondolewe. Robert Raikes alipoanzisha shule ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwafikiria watoto waliofanya kazi siku 6 za juma na ambao hawakuwa na siku nyingine ya kujifunza kusoma. Kuwatoa watoto ibadani ili wakubwa wasikilize kwa utulivu ni jambo tuliloliongeza wenyewe baadaye, na ndilo linalofanya kanisa lihitaji, walau mara moja kwa mwezi, kusanyiko la namna nyingine, ambalo mtoto wa miaka 4 na bibi yake wanakaa meza moja, wanashika kazi moja na wanasikia hadithi moja.

Maandiko yenyewe yanaufahamu mkusanyiko wa aina hiyo. Kumbukumbu la Torati 31:12 inaagiza wakusanywe wanaume, wanawake, watoto na mgeni, wote wasikie. Katika Nehemia 8 wanatajwa wanaume, wanawake na kila aliyeweza kufahamu, nao walisikiliza toka mapambazuko hadi adhuhuri, ingawa sishauri mtu ajaribu muda huo akiwa na watoto wa chekechea. Katika nyakati zetu, mfano unaojulikana zaidi ni Messy Church, ulioanzishwa mwaka 2004 na Lucy Moore na wenzake katika kanisa la Mtakatifu Wilfrid, Cowplain, karibu na Portsmouth. Jina hilo likifasiriwa neno kwa neno, yaani "kanisa lililochafuka", linaweza kuwashtua wazee wa kanisa, lakini mpango wake ni mwepesi: watu wanapokewa, wanafanya kazi za mikono zinazohusu hadithi ya Biblia, wanaabudu kwa muda mfupi, kisha wanakula pamoja. Mpango huo umeenea katika nchi nyingi na madhehebu mengi, na hatua zinazofuata zinafuata mpangilio huohuo kwa sehemu kubwa.

Amueni kwanza kusanyiko ni la nani

Kosa linaloharibu makusanyiko mengi hutokea kabla siku yenyewe haijafika, na sisi tulilifanya. Mara ya kwanza tulipojaribu, tuliandaa meza nyingi zenye rangi, gundi na karatasi, na familia zilikuja kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Baada ya dakika 10 wazazi wote walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya ukutani wakitazama simu, huku walimu watano wa shule ya Jumapili wakihangaika na watoto wapatao 30. Tuliwalaumu wazazi njia nzima ya kurudi nyumbani. Tulipokutana baadaye kutathmini, tukagundua kwamba tangazo letu lilisema "siku ya watoto", kwamba vigoda vilivyozunguka meza vilikuwa vya kimo cha watoto tu, na kwamba aproni zote zilizotundikwa mlangoni zilikuwa ndogo. Kila kitu katika ukumbi kilimwambia mtu mzima kwamba hahusiki, naye alitii.

Kwa hiyo badilisheni tangazo, viti na aproni kabla ya kununua hata krayoni moja. Tangazo liseme kwamba kila mtu anakuja kushiriki, mwenye watoto na asiye na watoto. Meza nyingine ziwe ndefu za kusimamia, nyingine ziwe na viti vya kawaida, na sehemu moja iwe na mkeka ambapo mama mwenye mtoto mchanga anaweza kukaa na bado akafanya kazi ileile wanayofanya wengine. Ondoeni mabenchi ya ukutani, isipokuwa machache kwa ajili ya wazee na wasioweza kusimama, na hayo yasogezwe karibu na meza. Tangu tulipofanya hivyo, kipimo changu cha kusanyiko kimekuwa kimoja tu: katikati ya kipindi natazama mikono ya watu wazima. Ikiwa ni misafi, kuna mahali tumekosea.

Watu wa kuandaa

Kwa kusanyiko la watu 40, kikosi cha watu 7 au 8 kinatosha. Mmoja anasimamia ratiba, mmoja anasimulia hadithi na kuongoza ibada, mmoja anasimamia jikoni, mmoja anakaa mlangoni, na waliobaki wanagawana meza. Msijaze kikosi kwa walimu wa shule ya Jumapili. Wamechoka, na kwa mazoea yao mema wataligeuza kusanyiko kuwa darasa bila kukusudia. Tafuteni fundi seremala aliyestaafu, mshonaji, kijana wa sekondari anayejua kuchora, na mtu mmoja asiye na mtoto kabisa, kwa sababu huyo ndiye atakayewaambia ukweli kama shughuli zenu zinamvutia mtu mzima. Mchungaji awepo, lakini ikiwezekana akae mezani kama wengine. Mtoto aliyezoea kumwona mimbarani hulitazama kanisa lake upya anapomkuta akihangaika na mkasi usiokata.

Kazi ya msimamizi wa meza ni kukaribisha na kuanzisha mazungumzo. Mwambieni waziwazi kwamba hatarajiwi kumsaidia mtoto kukata au kubandika ikiwa mzazi wa mtoto huyo yupo; anatarajiwa kumvuta mzazi akae. Sentensi ya "Baba, hebu mshikie hapa akate" hufanya kazi kubwa kuliko matangazo matatu ya kipaza sauti.

Muda

Saa mbili zinatosha, na zisizidi. Dakika 15 za mwanzo ni za kuwapokea watu wanaoingia mmoja mmoja, dakika 55 za meza, 20 za ibada, na nusu saa ya chakula. Chagueni siku moja ya kila mwezi na msiihamishe, kwa kuwa familia yenye watoto wadogo hupanga maisha kwa mazoea. Katika vitabu vya Biblia kuna kijana aitwaye Eutiko ambaye alisinzia dirishani Paulo alipokuwa akirefusha mazungumzo, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Huwa namkumbuka kila ninapoambiwa tuongeze dakika kumi za mahubiri.

Hadithi moja, na kila kitu kitoke humo

Chagueni hadithi moja ya Biblia, si mada. "Upendo" au "shukrani" ni mada pana mno. Kila msimamizi wa meza ataishika kwa namna yake, na mwishoni mtakuwa na karatasi nyingi zenye umbo la moyo. Hadithi ina watu, mahali, vitu vya kushika na swali, na hivyo ndivyo vinavyozaa shughuli. Isomeni pamoja katika kikao cha maandalizi, wiki tatu kabla, mkaorodhesha kila kitu kinachoonekana, kinachosikika na kinachobebwa ndani yake, kisha mjiulize ni swali gani hadithi hiyo ingemuuliza mtoto na mtu mzima kwa pamoja.

Nitaeleza kwa kirefu hadithi moja, ile ya Yoshua 4, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi kazi inavyokwenda. Waisraeli wanavuka Yordani wakati mto umefurika, makuhani wakiwa wamesimama katikati yake na sanduku la agano. Watu 12, mmoja kwa kila kabila, wanachukua jiwe kila mmoja kutoka mahali pale makuhani walipokanyaga, na mawe hayo yanasimamishwa Gilgali. Sababu inatolewa waziwazi: watoto watakuja kuuliza mawe hayo yana maana gani, na wakubwa watatakiwa kujibu. Mtoto anauliza, mtu mzima anasimulia, na kati yao kuna kitu cha kushika mkononi. Siijui hadithi inayofaa zaidi kwa kusanyiko la kwanza.

Meza kuu iwe na mawe ya mtoni yaliyooshwa na kukaushwa, makubwa kiasi cha ngumi ili asiwepo mtoto wa kuyameza, pamoja na rangi na brashi. Maelekezo yaandikwe kwenye kadibodi kwa herufi kubwa: mtu mzima amsimulie mtoto siku moja ambayo alidhani hatavuka na Mungu akamvusha, kisha mtoto achore kwenye jiwe alichokisikia. Katika mpangilio huu mtoto hawezi kuanza kuchora bila simulizi, na mkubwa akimaliza kusimulia hana kazi nyingine ila kumtazama mtoto akichora. Mahitaji ya kila mmoja yako kwa mwenzake, na hilo ndilo ninalolitafuta katika kila meza. Siku tuliyofanya shughuli hii nilimsikia mtoto mmoja akimhoji bibi yake.

"Bibi, sasa jiwe lako ni la nini?"

"La siku aliyopona baba yako."

"Baba alikuwa mgonjwa?"

"Sana. Alikuwa mdogo kuliko wewe."

Mtoto alinyamaza kidogo, akauliza kama alilazwa, na kwenye kitanda cha rangi gani. Bibi alifikiri, akasema cheupe. Jiwe likachorwa kitanda, na kwa kuwa rangi nyeupe ilikuwa imekwisha, kikawa cha njano. Baba mwenyewe alikuwa meza ya tatu akijenga mnara wa maboksi na hakujua kwamba anazungumzwa.

Meza nyingine zizunguke hadithi hiyohiyo kwa njia tofauti, kwa sababu si kila mtu anapenda kuchora. Moja iwe ya ujenzi: maboksi 12 makubwa matupu na gundi ya karatasi, na sharti kwamba mnara uwe mrefu kuliko mtu mzima aliyepo, jambo linalomlazimu mrefu ambebe mfupi. Nyingine iwe ya maji, na hii iwekwe nje au juu ya turubai: beseni pana lenye mchanga, mfereji uliochimbwa ndani yake, na kazi ya kuyazuia maji kwa changarawe hadi sehemu ya chini ikauke. Wanaume wanaodai hawana muda wa michezo ya watoto huganda kwenye beseni hili, nanyi msiwafukuze. Mahali pengine tandazeni karatasi ndefu, kila familia ikanyage rangi ya maji na kuacha nyayo kutoka ukingo hadi ukingo, ndogo kando ya kubwa. Ndoo ya maji na taulo viwe mwishoni mwa karatasi kabisa, la sivyo nyayo zitaendelea hadi mimbarani.

Kama mnataka kufinyanga, udongo wa unga ni rahisi kuutengeneza: vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini na maji yasiyozidi kikombe kimoja, yakiongezwa kidogo kidogo hadi donge lisishike mikononi. Umbo lililofinyangwa hukauka lenyewe kwa siku mbili au tatu. Angalieni watoto wadogo wasiule, kwa sababu chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kudhuru.

Pawepo pia pembe moja tulivu, yenye kiti, kitambaa na vipande vya karatasi, ambapo mtu anaandika au kuchora ombi lake. Watu huipita mwanzoni, kisha katika nusu saa ya pili unamkuta hapo mtu mzima uliyedhani amekuja kumsindikiza mtoto tu. Msimweke mtu wa kusimamia hapo.

Kwa watu 40 meza 5 au 6 zinatosha. Zikiwa chache kuliko hapo watu hupanga foleni, na zikiwa 12 hakuna mahali wanapokaa muda wa kutosha kuzungumza.

Ibada ya dakika 20

Msiitangaze ibada kana kwamba yaliyotangulia hayakuwa ibada. Anzeni pambio ambalo wengi wanalijua, moja tu, na watu wataacha brashi na kusogea. Hadithi isimuliwe, isisomwe, na kila mtu awe ndani yake. Kwa Yoshua 4 tunatandaza kitambaa kirefu cha buluu sakafuni, watu wanne wakubwa wanakishika pembeni na kukitikisa ili mto ufurike, na vijana wanne wanabeba boksi juu ya miti miwili. Miguu ya wabebaji inapogusa kitambaa, kitambaa kinakunjwa kwenda upande mmoja, na kusanyiko lote linapita, wenye vijiti vya kutembelea wakitangulia, wala asiwepo anayebaki nyuma kupiga picha. Katikati ya mto kila familia inachukua jiwe iliyolipaka rangi na kwenda kuliweka ng'ambo.

Baada ya hapo msimulizi auulize umati maswali mawili au matatu yasiyo na jibu sahihi. Nani alikuwa na hofu zaidi pale mtoni, makuhani waliosimama au watu waliopita? Wewe ungependa kubeba jiwe, au kubeba sanduku? Anyamaze, ahesabu kimoyomoyo hadi 10, na apokee kila jibu bila kulisahihisha wala kulisifu kuliko mengine. Hapa walimu wazuri hushindwa, kwa sababu ukimya unawatisha na wanaujaza kwa mahubiri. Watu wazima nao wajibu. Mtoto anapomsikia mzee wa kanisa akikiri kwamba angeogopa, somo limefika mahali ambapo hotuba isingefika. Maombi yawe mafupi, yenye vitendo vya mikono au kiitikio, na baba, mama au mtoto yeyote anaweza kuyaongoza. Malizeni kwa baraka ambayo watu wanapeana wenyewe, kila mtu akimwekea mkono jirani yake, na watoto wawabariki wakubwa pia.

Chakula

Chakula kiwe cha kawaida, kinachopikika kwa sufuria kubwa, na watu waketi kuzunguka meza. Sahani zikigawiwa watu wakiwa wamesimama, familia hula na kuondoka, na mazungumzo yaliyoanzia kwenye mawe hukatika. Mwekeni mtu mmoja kila meza mwenye kazi ya kuhakikisha aliyekuja peke yake hakai peke yake. Mlangoni, wakati wa kuandikisha majina, ulizeni kama kuna asiyekula kitu fulani au anayedhurika na karanga, maziwa, mayai au kingine, na orodha hiyo ifike jikoni kabla chakula hakijapakuliwa. Kuhusu gharama, kisanduku cha hiari kando ya mlango ni bora kuliko kiingilio, maana familia yenye watoto watano ndiyo ya kwanza kuhesabu.

Usalama

Elezeni tangu mwanzo, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba kila mtoto anabaki chini ya uangalizi wa mzazi au mlezi aliyemleta. Hilo linalinda watoto, na linaulinda pia msingi wa kusanyiko lenyewe, kwani mzazi akishaweza kumwacha mtoto na kwenda zake mmerudi kwenye shule ya Jumapili. Hata hivyo, fuateni taratibu za kanisa lenu za ulinzi wa watoto: wanakikosi wapitiwe kama watumishi wengine wanaofanya kazi na watoto, asiwepo mtu mzima wa kikosi anayebaki peke yake na mtoto asiye wake, na mtoto anapelekwa msalani na mlezi wake. Picha zipigwe kwa idhini ya wazazi pekee. Maji ya moto na majiko yawe nyuma ya mlango unaofungwa. Shanga, maharagwe na vitu vingine vidogo visiwepo mahali ambapo watoto wa chini ya miaka 3 wanafika. Sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali ambapo kila mwanakikosi anapajua, na anayejua kulitumia awe miongoni mwenu.

Baada ya watu kuondoka

Osheni brashi siku hiyohiyo. Gundi iliyokauka haina msamaha. Kaeni kikosi kizima kwa dakika 15, hata mkiwa mmechoka, mkajibu maswali mawili: ni meza ipi ilikuwa na watu wazima wachache zaidi, na ni nani alikuja ambaye hatumjui jina? Meza hiyo irekebishwe au iachwe, na mtu huyo apigiwe simu au atembelewe kabla ya mwezi kwisha, na anayekwenda awe yule aliyekaa naye mezani.

Mawe msiyafungie stoo. Tumeyapanga yetu karibu na mlango mkuu, chini ya ubao wa matangazo, mahali ambapo mtu anayechelewa ibada ni lazima ayazunguke. Jumapili iliyofuata mgeni mmoja alisimama akayatazama, akauliza ni ya nini, na kabla mzee wa zamu hajafungua kinywa, mtoto aliyekuwa kando yake alikuwa ameshachuchumaa akitafuta lenye kitanda cha njano.